Wakazi wa Dar es Salaam: Asili Zao na Sababu ya Sensa Kutouliza Kabila

Sensa ya Watu na Makazi iliyofanyika tarehe 23 Agosti, 2022 ilibaini kuwa Mkoa wa Dar es Salaam una wakazi 5,383,728. Kila matokeo ya sensa yanapotangazwa, wapo wananchi wanaouliza: katika mamilioni hayo, Wazaramo ni wangapi? Wachaga, Wahaya, Wanyakyusa na Wangoni je? Wenye asili ya Asia, ya Uarabuni na ya Ulaya ni sehemu gani ya wakazi wa mkoa?

Jibu rasmi ni kwamba takwimu hizo hazipo, kwa kuwa sensa haiulizi kabila wala rangi. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho nchini kukusanya taarifa za kabila. Hata hivyo, kutokuwapo kwa takwimu hakumaanishi kwamba historia ya watu wa jiji hili haijulikani. Makala haya yanaeleza wakazi wa Dar es Salaam walitoka wapi, walivyochanganyika, kwa nini Serikali iliacha kuwahesabu kwa makabila, na uamuzi huo una faida na gharama gani kwa mwananchi wa leo.

Idadi ya wakazi

Katika sensa ya mwaka 2022, wanawake walikuwa 2,783,710 na wanaume 2,600,018. Kwa mgawanyo wa wilaya, Ilala, ambayo ndiyo Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, ilikuwa na watu 1,649,912, Temeke 1,346,674, Ubungo 1,086,912, Kinondoni 982,328, na Kigamboni 317,902. Katika sensa ya mwaka 2012 mkoa ulikuwa na watu 4,364,541. Kwa hiyo, ndani ya miaka kumi liliongezeka kundi la zaidi ya watu milioni moja.

Ukuaji huo unaeleweka vyema ukilinganishwa na zamani. Mwaka 1957, miaka minne kabla ya Uhuru, mji ulikuwa na watu 128,742. Mwaka 1978 mkoa ulikuwa na watu 843,090, na mwaka 1988 walifikia 1,360,850. Idadi ya mwaka 2022 ni zaidi ya mara 40 ya ile ya mwaka 1957. Mji unaokua kwa kasi hiyo haukui kwa vizazi vya wenyeji peke yao. Hukua pia kwa watu wanaoingia kutoka kwingine. Ndiyo maana swali la kawaida kati ya watu wanaofahamiana kwa mara ya kwanza jijini ni "kwenu wapi?", na anayeulizwa hutaja mkoa au wilaya hata kama yeye mwenyewe amezaliwa Temeke.

Wenyeji wa Mzizima na pwani yake

Kabla ya kuwapo kwa jina la Dar es Salaam, palikuwa na kijiji cha wavuvi na wakulima kilichoitwa Mzizima. Ukanda wa pwani ulikaliwa na Waswahili, wakiwamo Mashomvi, ambao walijishughulisha na uvuvi na biashara ya baharini. Bara yake, kuelekea Kisarawe na Pugu, ni nchi ya Wazaramo. Jirani zao ni Wakwere na Wadoe upande wa kaskazini, Wakutu, Wakami na Waluguru upande wa magharibi, na Wandengereko upande wa kusini kuelekea Rufiji.

Mwanzoni mwa miaka ya 1860, Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kujenga mji mpya mahali hapo kwa kuvutiwa na bandari yake iliyokingwa na upepo. Ujenzi huo ulileta maofisa na askari wa Sultani, wafanyabiashara Waarabu na Wahindi kutoka Unguja, pamoja na watumwa waliofanyishwa kazi mjini na mashambani. Majid alifariki mwaka 1870 na mji ukazorota, lakini haukufa. Kwa hiyo, Dar es Salaam ilikuwa na watu wa asili mbalimbali tangu siku zake za mwanzo, na si wote waliofika kwa hiari yao.

Reli, bandari na watu wa bara

Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao makuu ya utawala wao Dar es Salaam kutoka Bagamoyo. Jeshi lao lilikuwa na askari Wanubi kutoka Sudani, pamoja na Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema. Hao wa mwisho asili yao ni mashariki ya Kongo, na wengi walifika pwani kwa njia ya misafara ya biashara ya karne ya 19 iliyopita Ujiji na Tabora.

Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Safari iliyochukua miezi kwa miguu ikawa ya siku chache. Bandari ilihitaji wapakuzi, reli ilihitaji mafundi, na nyumba za maofisa zilihitaji watumishi. Vijana wa bara wakateremka pwani kutafuta kazi na fedha za kulipia kodi.

Vita Kuu ya Kwanza iliongeza sura nyingine. Waingereza waliuteka mji mwaka 1916, na kambi ya wapagazi wa jeshi lao, iliyojulikana kwa Kiingereza kama Carrier Corps, ndiyo iliyozaa jina la Kariakoo. Majina ya mitaa ya Kariakoo bado yanatunza kumbukumbu ya kukutana kwa watu wa sehemu nyingi: Kongo, Swahili, Nyamwezi, Pemba, Mafia na Likoma.

Baada ya Uhuru, njia za kuingia mjini zilipanuka. Reli ya TAZARA iliyokamilika mwaka 1975 iliunganisha Dar es Salaam na Iringa, Mbeya na Zambia. Shule za sekondari za bweni, Chuo Kikuu, Jeshi la Kujenga Taifa na ajira za mashirika ya umma viliwakusanya vijana kutoka mikoa yote. Wanamuziki kutoka Kongo nao walifanya makao hapa. Bendi ya Maquis na mwanamuziki Remmy Ongala ni mfano unaokumbukwa na wengi.

Wenye asili ya Asia, Uarabuni, Ngazija na Ulaya

Wahindi wengi wa Dar es Salaam wana asili ya magharibi mwa Bara Hindi, hasa Kachchh, Kathiawar na maeneo mengine ya Gujarat, na wengi wa mwanzo walipitia Zanzibar. Kwa macho ya mgeni wao ni kundi moja, lakini kwa kweli ni jumuiya nyingi: Waismailia, Ithnaasheria, Mabohora, Wahindu wa madhehebu mbalimbali, Singasinga, na Wagoa ambao ni Wakatoliki. Wagoa walijulikana zaidi kwa kazi za ukarani, na Singasinga kwa ufundi. Mahekalu ya Kisutu, jamatikhana na misikiti ya katikati ya jiji ni ushahidi wa uenyeji wao wa muda mrefu.

Waarabu nao wana asili tofauti. Wapo wenye asili ya Omani, ambao historia yao imefungamana na ile ya Zanzibar, na wapo Washihiri kutoka Hadhramaut, Yemeni, waliojulikana kwa biashara ndogondogo. Wangazija kutoka visiwa vya Komoro walitoa walimu wa dini, makarani na mabaharia. Wazungu walikuwa maofisa wa utawala, wamisionari, wenye makampuni na walowezi, wakiwamo Wagiriki waliofanya biashara na kulima mkonge.

Mji uliogawanywa kwa rangi

Katika utawala wa kikoloni, asili ya mtu iliamua mahali pa kuishi, hospitali ya kutibiwa, shule ya mtoto na kiwango cha mshahara. Mji uligawanywa katika kanda tatu. Ya kwanza, ya ufukweni, ilikuwa Uzunguni. Ya pili, ya maduka ya katikati, ilikuwa Uhindini. Ya tatu, Kariakoo na baadaye Ilala, ilikuwa ya Waafrika. Kati ya Uhindini na Kariakoo paliachwa uwanja wazi wa Mnazi Mmoja kuwa mpaka.

Jambo linalostahili kuzingatiwa ni kwamba kanuni za ujenzi za wakati wa Waingereza zilitaja aina ya majengo yaliyoruhusiwa katika kila kanda, si rangi ya watu. Lakini kwa kuwa mishahara ililipwa kwa rangi, aliyeweza kujenga nyumba ya kiwango cha kanda ya kwanza alijulikana kabla hajaomba kibali. Sheria isiyotaja rangi inaweza kuzaa matokeo ya rangi.

Hospitali ya Ocean Road ilihudumia Wazungu, na Hospitali ya Sewa Haji ikawahudumia Waafrika na Waasia. Shule nazo ziligawanywa katika mifumo mitatu. Katika hali hiyo, kumhesabu mtu kwa rangi na kabila kulikuwa chombo cha kumgawia au kumnyima huduma. Sensa ya mwaka 1957 iliwahesabu Waafrika 93,363 mjini, yaani zaidi ya asilimia 72 ya wakazi wote, na miongoni mwao Wazaramo ndio waliokuwa kundi kubwa zaidi. Wakazi hao waliokuwa wengi kuliko wote ndio waliopata huduma duni kuliko wote.

Nyumba ya vyumba sita

Upande wa Waafrika, utawala haukuweza kuwatenganisha watu kwa makabila. Sababu mojawapo ni nyumba yenyewe. Nyumba ya Kiswahili iliyoenea Kariakoo, Ilala na Magomeni ina ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, baraza mbele na uani nyuma. Mwenye nyumba huishi chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki, kimojakimoja. Mpangaji alihitajika kulipa kodi ya mwezi. Kabila lake halikuwa sharti. Hivyo Mzaramo, Mluguru, Mnyamwezi na Myao walijikuta wakitumia uani mmoja, choo kimoja na bomba moja, na lugha iliyowawezesha kuelewana ilikuwa Kiswahili.

Vyama vya makabila vilikuwapo. Umoja wa Wazaramo, kwa mfano, uliundwa katika miaka ya 1930, na vingine vilisaidia wanachama kwa maziko na ugonjwa. Utani nao ulikuwa daraja. Wazaramo na Wanyamwezi, waliokutana katika njia za misafara, walifanya utani uliowaruhusu kutaniana hadharani na uliowalazimu kusaidiana msibani. Mgeni aliyefiwa mjini bila ndugu wa damu hakuzikwa kama mtu asiye na kwao, kwa kuwa watani wake walifika.

Uislamu uliounganisha watu wengi wa pwani, makanisa, vilabu vya mpira, vikundi vya ngoma na dansi, na vyama vya wafanyakazi wa bandarini viliongeza vifungo vingine. TANU ilipoanzishwa tarehe 7 Julai, 1954, ilipata Dar es Salaam umma uliokwisha kuzoea kuishi pamoja.

Kutoka kura tatu hadi uraia mmoja

Uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959 ulifanyika kwa utaratibu wa kura tatu: kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. TANU ilikubali kushiriki, ingawa haikuupenda utaratibu huo, kwa uamuzi uliofikiwa Tabora Januari 1958. Wagombea walioungwa mkono na TANU walishinda, wakiwamo Amir Jamal, mwenye asili ya Asia, na Derek Bryceson, mwenye asili ya Uingereza. Wote wawili baadaye wakawa mawaziri.

Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Bunge lilijadili muswada wa uraia. Baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika pekee. Mwalimu Julius Nyerere alipinga msimamo huo, na muswada ukapita bila kigezo cha rangi. Aliyezaliwa Tanganyika na mzazi aliyezaliwa Tanganyika akawa raia siku ya Uhuru. Wakazi wengine walipewa miaka miwili ya kuomba kuandikishwa. Kuanzia Januari 1962 mifumo ya shule ya rangi iliunganishwa kuwa mmoja, na mwaka 1963 mamlaka ya kiserikali ya machifu yakafutwa. Kabila likabaki suala la utamaduni na ukoo, si ngazi ya utawala.

Safari hiyo haikuwa nyepesi kwa kila mtu. Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Sheria haikutaja rangi, lakini kwa kuwa majengo mengi ya aina hiyo katikati ya mji yalimilikiwa na wenye asili ya Asia, wao ndio walioguswa zaidi, na wengi waliondoka nchini. Waliobaki na watoto wao ni sehemu ya wananchi wa Dar es Salaam kama mwananchi mwingine yeyote.

Sababu ya kutouliza kabila

Kuanzia sensa ya mwaka 1978, swali la kabila halikurudi. Swali la dini nalo liliachwa. Msingi wa uamuzi huo unaonekana katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977. Ibara ya 13 inakataza ubaguzi katika kutimiza haki na mahitaji ya watu kwa misingi ambayo ni pamoja na utaifa, kabila, mahali mtu alikotoka, rangi, dini na jinsia. Ibara ya 20 inazuia kuandikishwa kwa chama cha siasa kinachokusudia kuendeleza maslahi ya kabila, dini, rangi au eneo fulani tu.

Mantiki yake ni rahisi. Zahanati, shule na maji hupangwa kwa idadi ya watu wa kata, umri wao na mahitaji yao. Mtoto wa miaka saba anahitaji dawati, awe wa kabila lolote. Takwimu ya kabila ikishatolewa, huzaa madai ya mgawo kwa uwiano wa kabila, na anayedai huanza kuhesabu ni nani ameteuliwa kutoka wapi.

Si kila nchi imefuata njia hiyo. Kenya, kwa mfano, iliuliza kabila katika sensa yake ya mwaka 2019. Sheria yake ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inataka taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya watumishi kutoka jamii moja, na sharti la namna hiyo haliwezi kusimamiwa bila kujua jamii ya kila mtumishi. Nchi mbili jirani zimelenga haki ileile kwa njia mbili tofauti.

Gharama ya uamuzi huo

Uamuzi wa kutohesabu una gharama zake, na ni vyema mwananchi azijue. Kwanza, pasipo na takwimu hakuna kipimo. Kama sera fulani inaligusa kundi moja zaidi ya jingine, kama ilivyotokea kwa kanuni za ujenzi za kikoloni na kwa utaifishaji wa majengo, sensa haiwezi kulionesha jambo hilo moja kwa moja. Kinachowezekana ni kupima kwa eneo, elimu, kipato, jinsia, umri na ulemavu, na kuhakikisha kuwa hakuna kata inayosahaulika.

Pili, kuna suala la lugha. Kiswahili kimewaunganisha wakazi wa jiji, lakini watoto wengi wa Kizaramo wanaozaliwa mjini hawakui wakizungumza Kizaramo. Wenyeji wa eneo hili wameipa nchi jiji lake kubwa kuliko yote, huku lugha yao ikisikika kwa nadra katika mitaa iliyojengwa juu ya mashamba yao ya zamani. Bila swali la lugha katika sensa, kupungua kwa wasemaji hakuonekani katika majedwali. Kazi ya kuhifadhi lugha na mila inabaki kwa familia, watafiti na taasisi za utamaduni.

Namna ya kusoma takwimu

Mwananchi anayetafuta taarifa za wakazi wa Dar es Salaam azingatie mambo matatu. La kwanza, asilimia za makabila ya jiji zinazosambazwa mitandaoni kama matokeo ya sensa za karibuni hazitokani na sensa hizo. La pili, takwimu za mwaka 1957 na 1967 ni za kihistoria. Haifai kuchukua uwiano wa mji wa watu 128,742 na kuuhamishia katika mkoa wa watu zaidi ya milioni tano ambao wengi wao ama walihamia baadaye, ama ni watoto na wajukuu wa waliohamia. La tatu, sensa inauliza mahali mtu alipozaliwa na uraia wake. Taarifa hizo zinaonesha wanaohama wanatoka mikoa gani na wageni wanatoka nchi gani, lakini hazielezi kabila: aliyezaliwa Moshi si lazima awe Mchaga, na Mchaga wa leo anaweza kuwa amezaliwa Sinza.

Zaidi ya hayo, ndoa za mchanganyiko zimefanya swali lenyewe kuwa gumu. Mtoto ambaye baba yake ni Mhehe na mama yake ni Mdigo, aliyezaliwa Mbagala na anayezungumza Kiswahili peke yake, angeandikwa kabila gani? Karani wa sensa hana haja ya kulitafutia jibu swali hilo. Anachotakiwa kuandika ni kwamba yupo, ana umri gani, anasoma wapi na anaishi katika kaya ipi, ili bajeti ijayo imfikie.